Futi Moja ya Anga

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kuchapa ramani za nyumba za watu wengine. Ofisi ilikuwa orofa ya tatu, katikati ya mji, na mashine ilikaa katika chumba kisicho na dirisha kwa sababu karatasi zake hazikupenda mwanga. Ilitoa harufu iliyochoma pua kama zizi lililofungwa usiku kucha. Wachoraji waliniletea michoro yao, mimi nikaipitisha, ikatoka nakala za buluu. Nilisoma hadi darasa la saba tu, lakini baada ya miaka mitatu katika chumba kile niliweza kuingia katika nyumba yoyote ya karatasi, nikafungua milango, nikakaa sebuleni. Hapa ningeweka redio, nilijiambia. Hapa mke wangu angeweka cherehani yake, mwanga umpate kwa kushoto.

Kwa hiyo tulipopata plot yetu sikumtafuta mchoraji. Nilichora mwenyewe, saa ya chakula cha mchana, nyuma ya nakala zilizoharibika. Plot ilikuwa Kawangware, mwisho wa njia ya udongo, nyembamba kama utepe. Tuliinunua kwa familia iliyokuwa ikilima pale tangu mji ulipokuwa mbali, na bado walilima pande zote mbili, mahindi huku, majani ya ng'ombe kule. Choo kilikuwa kimeshachimbwa nyuma kabisa, kwenye mpaka wa jirani. Katikati ndipo nyumba ingekaa: sebule, chumba cha kulala, jiko, na kando yake chumba cha mama mkwe.

Chumba hicho ndicho kilichokuwa na haraka. Vingine vyote vingeweza kungoja.

Mama mkwe wangu alikuwa anapofuka. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na kufikia mwaka ule alikuwa anatambua mchana na usiku, mwanga na kivuli, basi. Daktari wa macho mjini alikuwa amekubali kumpasua, kwa sharti kwamba baada ya hapo akae wiki sita karibu na mtu wa kumtia dawa kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Asiiname, asibebe kitu, asipande na kushuka mabasi. Mtu huyo alikuwa binti yake, mke wangu. Nasi tulikuwa tumepanga chumba kimoja.

Kwetu magharibi mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, hata mume akiwa safarini. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja hupisha na kutazama pembeni. Hakuna ugomvi ndani yake. Ni heshima, na wazee huishika kama wengine wanavyoshika sala. Basi mwaka uliotangulia, alipokuja kupimwa, alilala kwa mama mmoja wa kanisa upande wa pili wa mji. Mke wangu akawa anavuka Nairobi nzima kumfuata, na bado miadi miwili ikawapita. Akarudishwa nyumbani na macho yake vilevile. Daktari akatoa siku nyingine, Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, akasema hiyo ikipita asiletwe tena, macho yatakuwa yamekwisha kuchelewa.

Kontrakta wetu alikuwa mzee wa Kikuyu kutoka Dagoretti, mrefu, mkavu kama mbao iliyokaa juani. Ujanani aliwajengea Wazungu kule Kilimani na Hurlingham, akianza kwa kubeba mawe hadi akawa nyapara. Sasa alikuwa bwana wa kazi zake mwenyewe, na pikapu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Ukipita naye barabarani alikuwa hatazami watu. Anatazama kona za nyumba. "Ile yangu," anasema. "Ile si yangu. Unaona vile imekaa?"

Alikuwa na namna yake ya kuanza kazi. Kabla ya kuchimba msingi, alichora nyumba nzima chini kwa majivu, halafu akawalazimisha wenyewe wakae ndani yake.

"Hiyo karatasi weka mfukoni," aliniambia siku hiyo. "Nimeiona. Ni mzuri. Sasa tuone kama inatembea."

Vibarua wake walikuwa wamemwaga mistari ya majivu kwa kufuata kamba. Ilionekana nyumba ndogo sana, kama ya kuku. Nikaingia kwa miguu yote miwili.

"Umepita kwa ukuta, bwana ramani!" kibarua mmoja akapiga kelele. "Huyo mwizi! Mshikeni!"

Nikatoka, nikaingia kwa mlango.

"Sasa ni asubuhi," mzee akasema. "Amka. Unaenda wapi?"

"Chooni."

"Nenda basi, unangoja nini? Na wewe mama, uko jikoni. Sufuria iko moto mkononi. Unaipeleka wapi? Meza iko wapi? Ah, umepiga bwana yako na mlango."

Tulikaa katika nyumba ile ya majivu karibu saa nzima. Tulilala, tukaamka, tukapokea wageni, tukaanua nguo mvua ikinyesha. Mlango wa jikoni ukahamishwa. Dirisha la cherehani, nililokuwa nimelipangia kwa miezi, likabaki lilipo, nami nikafurahi kama mtu aliyesifiwa. Halafu mzee akafika kwenye kile chumba cha kando.

"Hapa nani analala?"

"Mama mkwe."

Akanitazama jinsi anavyotazama ufa. "Mama ya bibi yako? Ndani ya nyumba yako?"

"Si ndani, mzee. Kina paa lake. Hapa katikati kuna ujia, halafu huku paa linaishia hapa, na kule linaishia pale. Kati yake nimeacha wazi. Futi moja."

"Futi moja ya nini?"

"Ya anga."

Mzee akachomoa futi yake ya mbao mfukoni mwa koti, akaikunjua, akaikunja tena bila kupima kitu.

"Kijana, nimejenga tangu hawa wote hawajazaliwa, na sijawahi kuacha tundu kwa paa makusudi. Watu watapita hapa waseme mzee amekosea vipimo."

"Wataona ni mapaa mawili."

"Watu hawaoni mapaa mawili. Watu wanaona tundu. Kwa nini usimweke kule nyuma, mbali, ajifunikie vile anataka?"

"Kule nyuma ni choo na mpaka."

"Mzee," mke wangu akasema, "mama haoni. Usiku akiniita nataka nisikie."

Mzee akamtazama kwa muda. "Haya. Funga macho. Wewe sasa ni mama yako. Umelala hapo. Inuka uje kwa binti yako."

Mke wangu akafumba macho. Akanyoosha mikono mbele, akaanza kutembea polepole juu ya udongo, vidole vikitafuta ukuta usiokuwapo. Alivuka mstari wa kwanza, akaenda kombo, akapotea ndani ya ujia mpana nilioupanga mimi kwa ajili ya kuweka maua. Alisimama katikati na mikono yake hewani, hajui aende wapi. Hakuna aliyecheka. Alipofumbua macho akayafuta kwa leso, akasema ni majivu.

Mzee akafuta mstari kwa kiatu, akaurudisha ndani. "Futi tatu," akasema. "Akipanua mikono kidogo tu, hivi, anashika kuta zote mbili. Hatua tatu, amefika." Kisha, akiwa amenipa mgongo: "Hata kwetu mtu hakai na mama mkwe hivi hivi. Wacha anga ikae. Lakini mtu akiuliza, sema ni wewe ulitaka. Usiseme ni mimi."

Msingi ukachimbwa wiki iliyofuata. Kila jioni nilishuka basi kituo kimoja kabla ya chetu na kumaliza safari kwa miguu, ili niione nyumba kutoka mbali ikiwa imeongezeka. Mzee akawa ananipa kazi ya kushika ncha ya kamba. Alinifundisha kutazama uzi wa timazi ukutani bila kupumua. Mawe yaliletwa yakiwa ghafi, yakachongwa palepale, na mlio wa nyundo ulikuwa ukinifikia tangu kona ya duka. Sikuwa na la kulalamika. Nilikuwa nikisimama ndani ya chumba kisicho na paa, nikitazama juu, nikipanga mahali pa redio.

Mwezi wa pili ikaja barua kutoka nyumbani, imeandikwa na mwalimu wa kijiji kwa niaba ya mama mkwe. Salamu zilichukua ukurasa mzima. Mwishoni kulikuwa na swali moja: je, mkwe ameacha anga kati ya mapaa kama ilivyosemwa? Na aseme mwenyewe, asisemewe. Nikajibu kwa mkono wangu, kwa wino, kwa herufi kubwa kama za ramani, ingawa nilijua kwamba atasomewa. Mama, anga ipo. Futi moja. Mke wangu akaipeleka posta. Mama mkwe akatuma neno kwamba atakuja.

Basi lake lilikuwa lifike Jumapili asubuhi, na hospitali ilikuwa Jumatatu saa moja. Alhamisi ya kabla yake kontrakta alipata habari ya msiba kwao, akaondoka. Paa lilikuwa limebaki kidogo tu. Kazi ya mabati alimwachia fundi mmoja kijana aliyemleta wiki hiyo, mtu wa kuimba nyimbo za kanisa akiwa juu ya ngazi, mwepesi na msafi. Hakuwapo siku ya majivu. Mzee alimwambia neno moja: malizia paa.

Jumamosi ofisi ilifungwa saa sita. Nilifika plot saa nane, na kutoka kwenye kona ya duka nikaona paa limekamilika, linang'aa. Nilipokaribia nikaona lilikuwa moja.

Lilikuwa limeunganishwa kwa ustadi. Fundi alichukua bati refu, akalipitisha kutoka paa la nyumba hadi paa la chumba kidogo, akalipigilia misumari ya kofia pande zote, akapaka lami kwenye kila tundu. Ujia ulikuwa mkavu, wenye giza kidogo, kama ujia wa nyumba nzuri. Yeye mwenyewe alikuwa anakusanya vyombo vyake.

"Umeona?" akaniambia kwa sauti ya chini, ingawa hakukuwa na mtu. "Mzee alikosea kidogo hapo. Nimemziba. Hakuna mtu atajua."

"Hakukosea."

"Haya, tuseme hakukosea." Akanikonyeza. "Hata mimi siwezi kusema mzee amekosea. Ni umri, bwana. Mkono unachoka. Na pia nimeskia kuna nyanya haoni, atapita hapa. Sasa anyeshewe kwa nini?"

Nikamweleza. Nikaeleza habari ya mkwe, ya barua, ya futi moja. Alisikiliza kwa heshima, akitikisa kichwa, kama mtu anayesikiliza mgonjwa wa homa.

"Mimi nitoe bati bila mzee?" akasema mwishowe. "Akija apate tundu, atasema ni nani ametoboa? Hapana, ndugu yangu. Jumatatu yeye aseme, nami nitatoa."

"Niachie basi ngazi na nyundo."

"Ngazi si yetu. Ni ya watu wa Kangemi, wananingoja." Akanipa mkono, akaibeba ngazi begani, akaenda zake akiimba.

Nilisimamisha pipa juu ya pipa. Nilipanda, nikafikia bati kwa ncha za vidole, nikalisukuma. Halikutikisika. Jamaa alikuwa fundi kweli. Pipa la juu likazunguka, nikaanguka kwenye rundo la mchanga, na kibarua aliyekuwa ananawa miguu akaniuliza kama nilikuwa natafuta kitu huko juu.

Jioni mke wangu alikuja na godoro, shuka na taa. Alitazama juu, akakaa juu ya godoro palepale mlangoni.

"Hataona," akasema.

"Nilimwandikia."

"Najua ulimwandikia. Mimi ndiye nilipeleka barua posta." Akanyoosha kona ya shuka, akaikunja tena. "Hospitali ni Jumatatu. Wewe ukae nyuma, usionekane, unyamaze. Usiku mmoja tu. Jumatatu sisi tuko hospitali, mzee anakuja anafungua, mama anarudi anakuta iko wazi. Nani amekosewa?"

Sikuona nani angekosewa. Lilikuwa jambo la busara, na nilimwambia hivyo.

Jumapili kulikuwa na jua kali, hakuna wingu hata moja. Gari la kukodi lilipokuja nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, uso kwa mahindi ya jirani, kama tulivyopatana. Nilisikia mlango wa gari, sanduku likiwekwa chini, kisha fimbo. Mama mkwe alikuwa anauliza kila kitu. Hii ni nini? Ni ukuta, mama. Ni mawe? Ni mawe. Nilisikia kiganja chake kikipapasa jiwe nililoliona likichongwa.

"Hapa ndio ujia," mke wangu akasema. "Panua mikono. Ukuta huku na ukuta huku. Hatua tatu tu."

Fimbo ikanyamaza.

"Ni saa ngapi?" mama mkwe akauliza.

"Inakwenda saa nne."

"Mbona hapa ni giza?"

Mke wangu akamshika kiwiko. "Ni mawingu, mama."

Nilitazama juu. Mwewe mmoja alikuwa anazunguka mbali sana, na hapakuwa na kitu kingine chochote kule juu.

"Mkwe yuko?"

"Yuko. Yuko nyuma."

"Mwambie aseme."

Kati yangu na yeye kulikuwa na kona ya ukuta. Nilikumbuka tulivyopatana. Nilikumbuka Jumatatu saa moja, na wiki sita, na jinsi mke wangu alivyosimama ndani ya majivu amefumba macho.

"Mama," nikasema, "pamefungwa. Palikuwa wazi mpaka jana. Fundi alifunga bila kuambiwa. Kesho patafunguliwa."

Nilisikia fimbo ikigonga ukuta mara moja.

"Asante," akasema. Kisha akamwambia binti yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba maji: "Nirudishe nje."

Akaketi juu ya rundo la mbao zilizobaki, karibu na njia, na sanduku lake miguuni. Alisema atangoja jua lipungue, kisha apelekwe kwa yule mama wa kanisa. Mke wangu akamwambia kutoka huko hadi hospitali saa moja asubuhi haiwezekani, Jumatatu mabasi yanajaa, mwaka jana walijaribu. Akajibu, basi haitawezekana. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama yale anayosikia ni mahindi, na kama yamefikia kiuno.

Mke wangu akazunguka kona, akanikuta. Alikuwa ameshika mwavuli aliotaka kumkinga nao mama yake.

"Ungesema mawingu," akaniambia.

Akarudi.

Ilipokaribia saa sita nikasikia pikapu. Nilijua mlio wake, na nilijua pia kwamba mzee alisema atarudi Jumatatu. Nilichungulia. Alikuwa amevaa suti nyeusi ya kanisa, tai, na viatu vilivyopigwa rangi vikang'aa, na kwapani amekumbatia mkungu wa ndizi. Baadaye alituambia kwamba alipitia tu kuchukua nyundo yake. Nyundo ilikuwa ndani ya pikapu muda wote.

"Mama, habari ya safari?"

"Nzuri. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye nilijenga."

"Basi ni wewe umefunga."

Mzee akageuka kumtazama mke wangu, kisha paa. Akaweka ndizi chini. Akaingia ndani ya ujia, nami nikaingia kwa upande wa nyuma, tukakutana chini ya lile bati. Nilianza kueleza. Akanizuia kwa mkono. Alitazama ncha ya bati, akafuata mstari wa misumari kwa kidole kutoka chini, akaona lami.

"Hii ni kazi ya mtu ananipenda," akasema.

Hakuuliza ni nani. Alirudi kwenye pikapu, akaja na nyundo yenye kucha. "Lete hayo mapipa. Sasa shika. Si hivyo, kumbatia."

Nilikumbatia mapipa. Mzee wa miaka ile akapanda, kiatu kimoja kwenye pipa, kingine begani kwangu, kwa kuwa pipa halikutosha. Nyayo za viatu vyake zilikuwa mpya na zilikuwa zinateleza. Kila msumari ulitoka ukilia. Alipomaliza upande mmoja akasukuma, bati likagoma. Akalikunja kwa mikono, akalipasua kwa kucha za nyundo pale lilipokubali, akitukana kwa Kikuyu kwa sauti ya chini maana ilikuwa Jumapili. Vipande vya lami vilinidondokea shingoni.

"Toka huko chini," akasema, nikashindwa kutoka kwa sababu alikuwa amenisimamia. Bati likaanguka kwa kishindo kando ya mguu wangu.

Mwezi wa tatu jua la saa sita Nairobi linakaa utosini. Mwanga ulishuka ndani ya ujia mstari mmoja, mwembamba, ukalala kwenye sakafu kutoka mwanzo hadi mwisho. Haukuwa umenyooka. Upande wa barabara ulikuwa futi nzima, na upande wa nyuma karibu shubiri, na kingo zilikuwa zimeraruka. Mzee alishuka, akautazama, akafunga macho kama mtu aliyeumwa na jino. "Kesho nitanyoosha," akasema.

Nilitoka kwa nyuma. Nilisikia fimbo ikija, viganja vikigusa ukuta huku na huku, hatua moja, mbili. Ikasimama.

"Hapa kuna jua," mama mkwe akasema.

"Ndiyo, mama," mzee akajibu.

"Liko kwenye mkono."

"Ndiyo."

Hatua ya tatu, kisha mlango, kisha kitanda kikalia kupokea mtu. Baada ya hapo mke wangu aliwasha jiko, akapika chai, na wote walikula ndizi pamoja isipokuwa mimi, niliyeletewa zangu kule kwenye mahindi.

Jumatatu walifika hospitali kabla ya saa moja. Fundi wa mabati naye alikuja kwa ajili ya kazi iliyobaki, akatazama juu, akakuta tundu limerudi, na baya kuliko mwanzo. Nilikuwa pale, nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Alimtazama mzee kwa huruma. Mzee alikuwa anapima dirisha ambalo lilikwisha kupimwa. Alimwacha afikiri alichofikiri. Nilisikia mwezi mmoja baadaye, kule Kangemi, kwamba mafundi walikuwa wanasema yule mzee sasa macho yamekwisha.

Mvua ya masika ilikuja mama mkwe akiwa na bandeji, na ilishuka ndani ya ujia futi moja upande huu, shubiri upande ule. Mke wangu alivuka kila baada ya saa chache na chupa ya dawa ndani ya blauzi isipate baridi. Nilizoea mlio wa miguu yake kwenye maji, hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Asubuhi, kabla sijaenda kazini, nilisimama upande wangu wa ujia, uso kwa ukuta, nikasema, "Mama, umeamkaje?" Naye kutoka ndani akajibu, "Nimeamka, mkwe. Mashine haijakula vidole?" Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa wiki sita, na sikuona yamepungukiwa.

Mzee hakunyoosha kingo. Jumatatu ile alisema mgonjwa hapigiwi nyundo kichwani, wiki iliyofuata akasema mvua, halafu akapata kazi nyingine Westlands. Alikuwa anapita Jumapili, kila mara amesahau kitu. Mara ya mwisho alikuja siku ambayo mama mkwe alikuwa amerudi kutoka hospitali na miwani mipya, minene kama vitako vya glasi. Mimi nilikuwa nimeshapelekwa nyuma kwenye mahindi, kwa kuwa sasa ilikuwa lazima kujificha kweli.

Nikasikia mlango wake ukifunguka. Fimbo haikuwapo. Akatoka, akasimama ujiani. Ilikuwa mchana.

"Nani alikata hapo juu?" akauliza.

"Ni mimi," mzee akasema.

"Pamepinda."

Nilimsikia mzee akivuta pumzi. "Mama, nilikuwa na viatu vya kanisa."

"Huku ni pana. Kule panakwisha kama mkia wa panya. Na kuna msumari."

"Msumari wapi?"

"Hapo. Si hapo. Hapo, karibu na mkono wako. Wewe huoni?"

Mzee akaanza kucheka. Hakuwa mtu wa kucheka, na kicheko kilimtoka kwa taabu, kikavu, kama mlango wa pikapu yake. Akaenda kuchukua futi na nyundo. Mama mkwe alibaki pale chini ya tundu, nikimsikia akijisemea, msumari mwingine, na mwingine, na kule kuna ndege.

Mke wangu akazunguka kona mbio, amejishika kifua, kuniambia kwamba mama ameuona msumari. Nilikuwa nimesikia yote, neno kwa neno, lakini nilimwacha anieleze.